Bunduki ya kwanza ya .22 kwa shabaha na wanyama wadogo: Savage, Ruger, Henry au CZ kwa bajeti ya dola 500?

Mgeni wa Bluegrass

Salaam kwenu nyote. Ninaishi karibu na Louisville, Kentucky, na nina ukaazi wa kudumu. Mimi na mwanangu wa miaka 13 tumekwisha kumaliza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo jimbo hili linaidai kwa kila mwindaji mwenye umri wa miaka 12 au zaidi aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975. Sasa tunatafuta bunduki yetu ya kwanza, itakayotufaa kwenye uwanja wa shabaha mwisho wa juma na pia msituni utakapofunguliwa msimu wa kindi na sungura. Fedha niliyotenga ni dola 500, nayo lazima itoshe bunduki, darubini, risasi za kuanzia na kifaa cha kuifungia nyumbani.

Nimezunguka katika maduka na kila muuzaji amenielekeza upande wake. Mmoja amenishauri Ruger 10/22, mwingine Savage Mark II, wa tatu amenionyesha Henry ya wenzo, yaani ile inayokokiwa kwa mpini ulio chini yake, ambayo mwanangu ameipenda mno, na wa nne ameniambia kwamba nikikosa CZ 457 nitajuta. Kuna pia aliyenishawishi niiache kabisa risasi ya .22 LR na kuchukua ya .17 HMR kwa sababu inafika mbali zaidi. Ningeomba wenye uzoefu wanilinganishie bunduki hizi kwa matumizi yangu haya mawili, na waniambie wazi kila moja inashindwa wapi.

Fundi Mitutu

Karibu sana ndugu, na hongera kwa kuanza na kozi kabla ya kuanza na duka. Nitaanza na risasi kwa sababu ndiyo itakayokula fedha zako miaka yote, ilhali bunduki unainunua mara moja.

Risasi ya .22 Long Rifle imekuwepo tangu mwaka 1887, na leo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote madukani. Za kawaida huuzwa kati ya senti 7 na 12 kila moja, wakati .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002, hugharimu karibu senti 30 au zaidi. Aliyekuambia kwamba .17 inafika mbali amesema kweli, kwani kichwa chake chepesi cha gramu 1.1 huondoka kwa kasi ya mita zipatazo 777 kwa sekunde na njia yake haishuki sana hadi yadi 100 na kupita. Lakini wewe unakwenda kumwinda kindi juu ya mti wa hikori kwa umbali wa yadi 25 hadi 50, na kwa umbali huo .17 huharibu nyama nyingi kuliko inavyostahili. Zaidi ya hayo, mtoto anajifunza kulenga kwa kupiga risasi nyingi, na kwa senti 30 kila mpigo, baba huanza kumhesabia mwanawe risasi. Achana nayo kwa sasa.

Zote mbili ni za aina iitwayo rimfire, yaani risasi ambazo kiwashio chake kimefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo ganda likishatumika haliwezi kujazwa tena. Kwa sababu hiyohiyo usiifyatue bunduki ya aina hii ikiwa tupu kabla hujasoma kitabu chake, kwani katika baadhi ya bunduki, hasa za zamani, pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kuhusu bunduki yenyewe, kwa mwanafunzi napendekeza ya bolti, yaani ile ambayo unaikoki kwa mkono baada ya kila risasi. Savage Mark II inapatikana kwa dola 250 hadi 300 kulingana na kitako chake, inatengenezwa Lakefield huko Kanada, na ina kifyatulio kiitwacho AccuTrigger ambacho mwenye bunduki anaweza kukirekebisha uzito wake mwenyewe bila kumlipa fundi. Kifyatulio chepesi na safi ni nusu ya ulengaji mzuri, kwa sababu kikiwa kizito mkono huivuta bunduki pembeni kabla risasi haijatoka. Mahali Savage inaposhindwa ni kitako chake cha plastiki, ambacho ni chepesi na hupinda kidogo ukikibana kwa mkanda, na bolti yake si laini ukiilinganisha na ya CZ. Magazini yake nayo huwa na midomo myembamba ambayo ikipindwa kidogo tu risasi huanza kukwama, kwa hiyo nunua ya pili mapema na umfundishe kijana asiiangushe kwenye sakafu ya saruji.

Kisauni wa Ohio

Namheshimu sana Fundi, lakini katika hili sikubaliani naye moja kwa moja. Ruger 10/22, ambayo hujikoki yenyewe baada ya kila risasi, imetengenezwa tangu mwaka 1964, na kuna sababu ya watu kuing'ang'ania kwa miongo yote hiyo. Magazini yake ya risasi kumi huzungusha risasi ndani ya kifuko kisichochomoza chini ya bunduki, hivyo mkono unaibeba vizuri katikati pale inaponing'inia sawasawa, na ni magazini ngumu isiyoharibika ovyo. Bunduki nzima ina uzito wa kilo 2.3 hivi, jambo ambalo kijana wa miaka 13 atalishukuru baada ya saa mbili za kutembea kwenye vilima. Bei yake ni dola 300 na ushei kwa toleo la kawaida. Tena ipo yenye kitako kifupi kwa ajili ya vijana, na kila kipande chake, kuanzia kifyatulio hadi mtutu, kinaweza kubadilishwa nyumbani, kwa sababu mtutu umeshikiliwa na kabari moja na skrubu mbili tu.

Ninakiri kwamba kifyatulio chake cha kiwandani ni kizito na kwamba kutoka sandukuni haipigi shabaha kwa usahihi wa bunduki nzuri ya bolti. Kuna pia usumbufu wa kuisafisha, kwani nyuma ya mtutu pamezibwa, hivyo ufito wa kusafishia lazima uingizwe kupitia mdomoni, na mdomo wa mtutu ndio sehemu inayotakiwa kulindwa kuliko zote. Tumia kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka chemba kuelekea mdomoni, nawe utakuwa umelimaliza tatizo hilo.

Niongeze jambo linalotuhusu Waislamu tunaowinda huku. Sungura kwa Wasunni hana utata, ila kuhusu kindi wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo ni vyema mtu amuulize sheikh wake kabla ya msimu. Bismillah isomwe kabla ya kufyatua, na mnyama akikutwa bado yu hai achinjwe palepale. Hii maana yake ni kwamba kisu kikali kiwe kiunoni, na mtu asipige mnyama aliye mahali asipoweza kumfikia upesi.

Mama Shabaha

Habari zenu kaka zangu. Mimi si mwindaji, ila nimeshiriki mashindano ya shabaha kwa miaka kadhaa, na ningependa ndugu yetu alitazame hilo neno "shabaha" kwa undani zaidi kabla hajalipa, kwa kuwa shabaha ziko za namna nyingi na kila moja inaipendelea bunduki yake.

Ikiwa mnakusudia kukaa kwenye meza, kuilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga na kutafuta matundu matano yaingiliane kwenye karatasi iliyo yadi 50, basi Fundi amesema kweli na hakuna la kubishana, bunduki ya bolti itawapa raha zaidi. Ikiwa mnataka mashindano ya watu wa kawaida, tazameni yale ya Rimfire Sporter yanayoendeshwa na CMP, shirika la Kimarekani la kuwafundisha raia shabaha. Hupigwa yadi 25 na 50, kwa kulala, kwa kukaa au kupiga magoti, na kwa kusimama, na katika kila mkao kuna kundi la risasi za taratibu na kundi la risasi za haraka. Kanuni zake zinataka bunduki isizidi ratili 7.5 pamoja na vilengeo vyake, kifyatulio kisipungue uzito wa ratili 3, na darubini isizidi ukuzaji wa mara 6. Kanuni hizo ziliwekwa makusudi ili bunduki ya dola 300 iweze kushindana bila aibu, na kwenye zile risasi za haraka 10/22 humwezesha mtu asiuondoe uso wake kwenye kitako. Wenye bolti hupewa muda wa ziada, lakini wanaoanza bado huhangaika.

Kuna pia mafunzo ya Project Appleseed, yanayofanyika mwisho wa juma katika majimbo mengi. Huko mnafundishwa kwa umbali wa mita 25, kwa .22, namna ya kutumia mkanda kama nguzo ya mkono, namna ya kupumua na namna ya kuuacha mwili uielekee shabaha wenyewe badala ya kuilazimisha bunduki kwa misuli. Mtihani wao una alama 250, na anayefikia 210 anahesabiwa kuwa amefuzu. Ningekuwa na dola 500 na mtoto wa miaka 13, sehemu ya fedha hiyo ningeipeleka huko, hata kama ingenilazimu kununua darubini ya bei ndogo zaidi. Mwalimu mzuri hukusahihisha kosa kwa asubuhi moja, kosa ambalo peke yako ungelipigia risasi elfu.

Mzee wa Iringa

Wanangu, mmeongea vizuri. Mimi niko Pennsylvania tangu zamani kidogo na nimewinda kindi humu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia msitu.

Kindi hakupi nafasi ya kukaa mezani. Unakaa chini, umeegemea mwaloni, unasikia maganda ya karanga yakidondoka, na unasubiri kichwa kitokeze kando ya shina. Kichwa hicho kina upana wa sentimita tatu au nne tu. Bunduki ikiweza kuweka risasi tano ndani ya sentimita mbili na nusu kwa yadi 50, na wewe mwenyewe ukiweza kufanya hivyo ukiwa umekaa chini na umeegemea mti, basi uko tayari. Usipoweza kwa yadi 50, mpige kwa yadi 30 au umwache. Ningependa kijana alijue hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwani mnyama aliyejeruhiwa akaingia kwenye tundu la mti ni mnyama aliyepotea bure, na ni aibu kwa mwindaji.

Sasa, katika kazi hiyo, Henry ya wenzo ambayo kijana ameipenda si ya kudharauliwa hata kidogo. Ni nyepesi, wenzo wake ni laini, inakula risasi za .22 fupi na ndefu pia, na kila risasi inahitaji mkono ufanye kazi, kwa hiyo mtoto hawezi kumimina risasi ovyo. Bei yake ni dola 350 hadi 430 hivi. Ninachokihofia ni bomba lake la risasi lililo chini ya mtutu. Linabeba risasi 15, na kulitoa risasi zote kunataka uangalifu, kwa maana mtu anaweza kuchomoa bomba la ndani, akadhani bunduki ni tupu, kumbe kuna risasi iliyobaki kwenye kinyanyulio au chemba. Kwa magazini ya kuchomoa, mtoto anaichomoa, anaivuta bolti, anatazama kwa jicho na kugusa chemba kwa kidole, na jambo limekwisha. Henry ni bunduki nzuri ya pili.

Msisahau bunduki zilizotumika. Marlin 60 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1960 kwa wingi sana. Remington, iliyokuwa ikimiliki jina hilo, ilipofilisika mwaka 2020 na Marlin ikanunuliwa na Ruger, utengenezaji wa Model 60 ulisimama, lakini zimejaa kwenye rafu za mitumba kwa bei ya chini kuliko mpya yoyote mliyoitaja. Nayo ina bomba, kwa hiyo onyo langu la Henry linaihusu vilevile. Ila Savage, Marlin za bolti na CZ za zamani hupatikana pia, na .22 haimalizi mtutu upesi kama bunduki kubwa. Unapoikagua, tazama mdomo wa mtutu kama umegongwa, angalia mifuo ya ndani kama ina kutu, tazama ukingo wa chemba kama una alama ya pini, kisha jaribu kifungio cha usalama kama kinashika.

Mgeni wa Bluegrass

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Sikulifikiria kabisa hilo la bomba la risasi. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, CZ 457 ina thamani ya tofauti ya bei, au ni sifa za wapenzi wake tu? La pili, kuna mtu kazini, mwanafunzi aliye na viza ya F-1, ameniomba nimnunulie ya kwake kwa jina langu nitakapokwenda dukani, naye atanirudishia fedha. Je, kuna tatizo?

Fundi Mitutu

La pili ndilo la haraka, kwa hiyo naanza nalo. Usifanye hivyo. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu utajaza Fomu 4473, na swali la mwanzo kabisa linalohusu manunuzi linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo huku ukimnunulia mtu mwingine kwa fedha yake, umetenda kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mkaazi wa kudumu kosa la namna hiyo linagusa hata haki ya kubaki nchini. Zaidi ya hapo, mtu aliyeingia kwa viza ya muda haruhusiwi kwa kawaida kumiliki bunduki wala risasi chini ya sheria ya shirikisho. Sheria ina vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini hilo ni jambo la yeye mwenyewe kulifuatilia kwa mwanasheria, kisha aende dukani kwa miguu yake na nyaraka zake. Mwambie hivyo kwa upole, naye ataelewa.

Wewe mwenye ukaazi wa kudumu unaruhusiwa. Beba kadi yako, kitambulisho cha jimbo chenye anwani unayoishi sasa, na namba yako ya uhamiaji, kwa sababu fomu itaiuliza. Uchunguzi wa NICS, yaani ule wa FBI wa kuangalia rekodi za mnunuzi, mara nyingi humalizika kwa dakika chache, ingawa majina yetu yanayofanana na ya watu wengi wakati mwingine huufanya ucheleweshwe kwa siku kadhaa. Usikasirike dukani, subiri tu. Bunduki itakuwa yako, na kijana ataitumia mbele ya macho yako.

Kuhusu CZ 457, hapana, si sifa tupu. Mtutu wake ni wa chuma kilichofuliwa kwa nyundo za baridi, kifyatulio kinarekebishwa kwa uzito na kwa mwendo wake, bolti inafunguka kwa pembe ya nyuzi 60 tu hivyo haigongi darubini, na mwenyewe unaweza kubadilisha mtutu. Ni bunduki ambayo mtu anaweza kuirithisha. Lakini matoleo yake mengi huanzia dola 500 kwenda juu, na hapo darubini, risasi na mafunzo vimebaki nje ya mlango. Bunduki ya dola 550 yenye darubini mbovu na risasi mia moja itashindwa na Savage ya dola 270 iliyopigwa risasi elfu mbili. Ukitaka kitu cha katikati, itazame Ruger American Rimfire, ambayo ni ya bolti na inatumia magazini ileile ya 10/22. Familia inayotarajia kuwa na bunduki mbili siku moja itafaidika, kwa maana magazini zitaingiliana.

Mswahili wa Leicester

Samahani kwa kuingilia kutoka ng'ambo nyingine ya bahari. Nachangia kwa ajili ya wasomaji walioko Uingereza, ambao wakisoma bei hizi wanaweza kudhani wataingia dukani na kutoka na .22. Huku bunduki ya .22 inahitaji cheti cha polisi, na lazima uonyeshe sababu ya msingi, kama vile uanachama wa klabu ya shabaha au ardhi uliyoruhusiwa kuwindia. Inachukua miezi. Wengi wetu huanza na bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi joule 16.2 hivi, kwa kuwa katika Uingereza na Wales mtu mzima anaweza kuimiliki bila cheti hicho, wakati Uskoti imedai cheti hata kwa hizo tangu mwisho wa mwaka 2016.

Weihrauch ya springi, ile HW95 au ndogo yake HW30S, hufundisha ushikaji wa bunduki kuliko kitu chochote nilichopata kukitumia, kwa sababu springi hurusha bunduki mbele na nyuma kabla kidonge hakijatoka mtutuni, na mkono usiotulia hujulikana mara moja. Kwa sungura mtu abaki ndani ya mita 30. Ndugu yetu wa Kentucky pia anaweza kuifikiria kama nyongeza ya baadaye kwa mazoezi ya nyuma ya nyumba, iwapo sheria za mji wake zinaruhusu. Lakini kwa kuwa yeye .22 imo mikononi mwake, aanze na .22.

Kisauni wa Ohio

Nimesoma maelezo ya Fundi na ya Mzee, na nakubali kwamba kwa mtu na mwanawe wanaoanza pamoja, bolti ina hoja nzito zaidi ya ile niliyoipa mwanzoni. Ninapobaki na msimamo wangu ni pale ambapo kijana atavutwa na mashindano aliyoyataja Dada Mama Shabaha. Akishaanza kuyapenda, 10/22 ije kama bunduki ya pili.

Kuhusu darubini, tafadhali usinunue ile inayokuja imefungwa pamoja na bunduki kwa nyongeza ya dola thelathini. Na usichukue iliyotengenezwa kwa bunduki kubwa ya kuwindia paa, kwa sababu hizo huwekewa usawa wa kioo wa yadi 100 au zaidi, na ukilenga kindi aliye yadi 30 msalaba wa darubini unahama kila unaposogeza jicho. Za .22 huwekewa usawa huo kwa yadi 50 au 60. Vortex Crossfire II ya 2-7x32 ya rimfire ni mfano mzuri kwa dola 150 hivi, na zipo nyingine za dola 80 zinazofanya kazi ya kutosha. Ukuzaji mkubwa si faida msituni. Kwa mara 3 au 4 unamwona kindi na tawi lake na kilicho nyuma yake, na hicho kilicho nyuma yake ndicho muhimu, kwa kuwa risasi hii ndogo ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndiyo maana humpigi kindi aliye juu ya tawi huku nyuma yake kuna anga tupu. Unasubiri hadi shina la mti liwe nyuma yake.

Mama Shabaha

Kaka Kisauni amenikumbusha jambo kuhusu risasi ambalo wanaoanza huambiwa kinyume. Watu hudhani risasi ya kasi kubwa ndiyo sahihi zaidi. Risasi ya kasi ya kawaida, kwa mfano CCI Standard Velocity yenye kichwa cha gramu 2.6, hutoka kwa mita 326 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti ambayo ni mita 343 hivi katika hewa ya nyuzi 20. Ile ya kasi kubwa hutoka kwa mita 376, kisha njiani inapunguza mwendo na kuuvuka mpaka wa sauti, na hapo hutikisika. Kwa yadi 100 upepo wa ubavuni huisukuma ile ya kasi kubwa zaidi kuliko ile ya taratibu, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione kwenye karatasi. Ya kasi kubwa ina kazi yake, kwani huiendesha vizuri mitambo ya bunduki zinazojikoki zenyewe na hushuka kidogo zaidi, lakini katika bunduki ya bolti anzeni na ya kawaida. Ukiipatanisha darubini kwa yadi 50, jueni kwamba kwa yadi 75 itashuka sentimita 6 hivi na kwa yadi 100 sentimita 17 hivi. Kwa yadi 25 hamtahitaji kurekebisha chochote.

Na mkitoka uwanjani naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula, wewe na kijana, kwani madini ya risasi (lead) yaliyomo kwenye vichwa hivyo ni mabaya mwilini na watoto ndio huyapokea vibaya zaidi.

Mgeni wa Bluegrass

Nimeelewa, na mwenzangu wa kazini nimekwisha kumjibu. Ninaelekea kwenye Savage Mark II yenye kitako kifupi kidogo, darubini ya dola 80 hadi 100, na kinachobaki kigawanywe kati ya risasi, sanduku la chuma lenye kufuli na ada ya mafunzo. Henry tumekubaliana itasubiri, na kijana ameridhika. Nitaanzaje kuchagua risasi kati ya aina zote zilizopo dukani?

Mzee wa Iringa

Nunua sanduku moja moja la risasi hamsini za aina nne au tano tofauti. Chukua ile CCI ya kawaida, Aguila, Federal, na sanduku moja la SK ya Ujerumani ingawa ni ghali kidogo. Nenda uwanjani siku isiyo na upepo, weka bunduki kwenye mfuko wa mchanga kwa yadi 50, na kwa kila aina piga kwanza risasi kumi usizoziingiza kwenye matokeo, ili mafuta ya aina iliyotangulia yaondoke kwenye mtutu na ya mpya yakae. Kisha piga makundi matatu ya risasi tano tano kwenye karatasi safi, na andika jina la risasi pembeni ya kila kundi. Usiguse skrubu za darubini katikati ya zoezi hata kama matundu yako mbali na kitovu, kwa sababu unachokitafuta ni ukaribu wa matundu yenyewe, na kitovu utakifuata baadaye.

Utashangaa kuona kwamba bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinapenda risasi tofauti. Ukiipata iliyo yake, nunua sanduku kubwa la mia tano lenye namba ileile ya toleo iliyoandikwa kwenye kifuko, kisha ndipo uipatanishe darubini. Aina nyingine zilizobaki mpe kijana apige makopo kwa yadi 25 akiwa amesimama. Huko Kentucky kwenu msimu wa kindi wa vuli hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti na kikomo ni kindi sita kwa siku, kwa hiyo kama mtanunua mwezi huu, mna muda wa kutosha.